Mnara wako umekuwa antena ya pili

Msomaji mmoja wa redio ya ridhaa ameuliza hivi:

«Ndugu mtaalamu, salaam. Nina antena ya wima ya 145 MHz niliyoifunga kwenye mkono wa chuma, sentimita 60 kutoka kwenye mnara wa miguu mitatu. Iko upande wa mashariki wa mnara. SWR (kipimo cha nguvu inayokataliwa na antena na kurudi kwenye kebo; 1.0 maana yake hakuna inayorudi) ni 1.2 na kebo ni mpya. Mashariki nasikika vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini stesheni za magharibi, ambazo zamani nilizipata nikiwa na mlingoti wa mbao wa mita sita tu, sasa zinaniambia napotea. Wenzangu wanasema niirekebishe antena mpaka SWR ifike 1.0. Je, ni kweli mnara unaziba mawimbi? Na kama unaziba, mbona mashariki kumekuwa kuzuri zaidi? Juu kabisa ya mnara nafasi imeshachukuliwa. Antena hiyo hiyo naitumia pia kwa 435 MHz.»

Salaam, ndugu yangu. Kati ya yote uliyouliza, swali la mashariki ndilo lenye ufunguo. Wengi wangelipita, kwa kuwa hakuna anayelalamika kwa kusikika vizuri. Lakini fikiri: kama mnara ungekuwa unaziba tu, magharibi kungepungua na mashariki kungebaki vilevile. Kwako magharibi kumepungua na mashariki kumeongezeka. Nishati iliyopotea upande mmoja imejitokeza upande wa pili, na kitu kinachoweza kufanya hivyo kina jina moja tu: antena. Mnara wako unarusha mawimbi. Haujaunganishwa na kebo yoyote, lakini unarusha.

Inakuwaje? Wimbi linapotoka kwenye antena yako na kugusa chuma, linasukuma elektroni zilizo ndani ya chuma hicho. Elektroni zikisukumwa juu na chini mara milioni 145 kwa sekunde, huo ni mkondo wa redio kamili, hauna tofauti na ule unaopita kwenye antena yenyewe. Na mkondo wa redio popote ulipo hutoa wimbi lake. Kwa hiyo mtu wa mashariki hapokei wimbi moja, anapokea mawili yaliyojumlishwa: la antena na la mnara. Yakifika yakiwa yanapanda na kushuka pamoja, yanaongezana. Yakifika moja likipanda wakati lingine linashuka, yanakatana.

Hata kile tunachokiita kivuli nyuma ya chuma kinatokana na jambo hilohilo. Chuma hakilimezi wimbi. Mkondo uliomo ndani yake unatoa wimbi lililo kinyume na lile lililokuja, na nyuma ya chuma mawili hayo yanafutana. Ukilishika hili, maswali yako mengine yote utaweza kuyajibu mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na sentimita zako 60. Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 gawanya kwa masafa katika megahezi, kwa hiyo 145 MHz inatoa mita 2.07. Sentimita 60 ni 0.29 ya wimbi. Sasa lifuate wimbi kwa macho. Linatoka kwenye antena, linakwenda mnarani, linarudi likielekea mashariki na kupita tena pale ilipo antena. Safari ya kwenda na kurudi ni mita 1.2, yaani 0.58 ya wimbi, au nyuzi 209 za fezi, yaani hatua ya wimbi katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Juu ya hizo ongeza nyuzi 180, kwa sababu chuma hulirudisha wimbi likiwa limegeuzwa. Jumla ni 389. Mzunguko mzima ni 360, kwa hiyo wimbi la mnara linafika likiwa nyuzi 29 tu mbali na lile la antena. Yanatembea karibu sambamba. Mnara ungekuwa ukuta mpana wa chuma, mashariki ungepata karibu desibeli 6 za ziada, yaani nguvu mara nne. Mnara wako ni mwembamba, hivyo unapata sehemu tu ya hizo, lakini sehemu hiyo ndiyo uliyoisikia.

Magharibi hesabu ni nyingine. Wimbi la antena linafika mnarani, na kutoka hapo mawimbi yote mawili yanaondoka pamoja kuelekea magharibi. Hakuna tofauti ya safari kati yao. Kinachobaki ni ule ugeuzaji wa nyuzi 180, na nyuzi 180 maana yake ni kufutana. Ndiyo maana stesheni zako za magharibi zinakupoteza.

Usije ukadhani basi kwamba ukiisogeza antena nje hadi mita moja mambo yatatengemaa. Mita moja kwenda na moja kurudi ni karibu wimbi zima. Ongeza ugeuzaji wa chuma, na sasa mashariki ndiko kunakopungua, huku kaskazini na kusini kukipata nguvu. Magharibi kunabaki dhaifu. Ukweli huu watengenezaji wa antena za minara wanaujua vizuri na wanautumia: dipoli ile ile (antena ya fimbo mbili zinazolishwa na kebo katikati), ikifungwa robo ya wimbi kutoka mnarani, inatoa umbo la moyo linaloelekea upande mmoja, na ikifungwa nusu ya wimbi inatoa umbo lililobonyezwa, lenye nguvu pande mbili za ubavuni. Antena haikubadilishwa hata kidogo. Kilichobadilika ni mkono ulioishika.

Sasa kuhusu SWR, na hapa naomba uniwie radhi wewe na wenzako, kwa sababu ushauri waliokupa nimeukuta kila mahali na umepotezea watu wengi muda wao. SWR inakuambia kama antena inaipokea nguvu kutoka kwenye kebo. Nguvu hiyo inakwenda upande gani baada ya hapo, kipimo hakina habari.

Nitakupa hesabu moja ya kuthibitisha. Chukua dipoli mbili za nusu wimbi zilizosimama wima, zikiwa mbali kwa wimbi moja zima, yaani zaidi ya mita mbili kwa masafa yako. Moja imeunganishwa na redio. Ya pili haina kebo, katikati yake imefungwa moja kwa moja, ni fimbo tu iliyokatwa kwa urefu wa kuitikia masafa yaleyale. Uhusiano kati ya dipoli mbili za namna hiyo umeshapigiwa hesabu tangu zamani: kwa umbali huo ni takriban omu 18, na dipoli yenyewe ina omu 73. Gawanya 18 kwa 73 upate robo. Maana yake fimbo ile, iliyo mbali kwa mita mbili na isiyoguswa na mtu, inabeba robo ya mkondo wa antena.

Je, robo hiyo inafanya nini? Katika baadhi ya pande inajumlishwa na kukupa 1.25, sawa na desibeli 1.9 za ziada. Katika pande nyingine inatolewa na kukuachia 0.75, sawa na kupoteza desibeli 2.5. Kutoka upande bora hadi upande mbaya kuna desibeli 4.4, tofauti ambayo stesheni dhaifu inaiona waziwazi. Na kwenye kipimo chako? Omu 73 zinakuwa 77. SWR inasogea kutoka 1.0 hadi 1.06. Sindano haitatikisika kiasi cha wewe kuona.

Sababu ni nzuri sana kuielewa. Msikilizaji wa mbali anaathiriwa na wimbi lililokwenda kwenye fimbo mara moja tu: robo. Antena yako inaathiriwa na wimbi lililokwenda kwenye fimbo na kurudi, kwa hiyo inaona robo ya robo, moja ya kumi na sita. Athari kwa SWR siku zote inakuwa ndogo kuliko athari kwa umbo la mnururisho, yaani jinsi nguvu inavyogawanyika pande zote. Ukiona SWR imeharibika kwa sababu ya chuma cha jirani, jua umbo lilishaharibika zamani. Na ukiona SWR nzuri, hujajua lolote kuhusu umbo. Hiyo 1.2 yako iache ilivyo.

Hesabu ya hapo juu ilitumia fimbo yenye urefu wa kuitikia. Urefu ni jambo linalostahili kukaliwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo chuma kisicho na kebo kinapogeuka kutoka adui kuwa mtumishi. Mwaka 1926, huko Sendai, Japani, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walieleza antena ambayo leo karibu kila mtu ameiona juu ya paa. Katika antena ile ni elementi moja tu inayolishwa na kebo. Nyingine zote ni fimbo za chuma zilizopangwa kwenye mstari. Fimbo ya nyuma ni ndefu kidogo kuliko nusu wimbi, na za mbele ni fupi kidogo. Ile ndefu inafanya kazi kama koili: mkondo wake unachelewa, na kwa umbali unaofaa ucheleweshaji huo unalirudisha wimbi mbele. Ile fupi inafanya kazi kama kapasita: mkondo wake unatangulia, na wimbi linavutwa kuelekea kwake. Moja ni kiakisi, nyingine ni kielekezi.

Jaribu mwenyewe, haligharimu kitu. Tengeneza dipoli ya wima ya sentimita 97 kwenye ubao, uiunganishe na redio, utafute stesheni dhaifu ya 145 MHz yenye kelele nyingi nyuma ya sauti. Kata fimbo mbili za alumini, moja ya sentimita 103 na nyingine ya 92. Funga kila moja kwenye ncha ya ufito mkavu wa mita mbili, ili mwili wako usiingilie. Isimamishe ile ndefu wima, sentimita 40 nyuma ya dipoli, upande ulio mbali na stesheni. Kelele itapungua na sauti itasafika. Ihamishe mbele ya dipoli: sauti itazama. Sasa chukua ile fupi uiweke palepale mbele, ambapo ndefu iliharibu, na sauti itapanda. Tofauti kati ya fimbo hizo ni sentimita 11. Kila ninapomfundisha mtu mambo ya antena naanzia hapo, kwa sababu baada ya kulisikia jambo hili kwa masikio yake mwenyewe, mtu hatazami tena bomba lililo karibu na antena kama kitu kisicho na maana.

Mnara wako si fimbo ya mita moja, ni mrefu kwa mawimbi mengi. Je, hiyo inauokoa? Hapana. Kipande kifupi cha chuma kinahitaji urefu unaofaa ili kibebe mkondo mkubwa. Chuma kirefu hakihitaji: kipande cha mnara kilicho mkabala na antena kinabeba mkondo bila kujali mnara unaishia wapi. Wala usitegemee yale matundu kati ya vyuma. Matundu yaliyo madogo kuliko sehemu moja ya kumi ya wimbi hayaonekani kabisa na wimbi, ndiyo maana dishi la wavu linaweza kuwa zuri kama la bati. Miguu ya mnara wako labda iko sentimita 30 mbali, zaidi kidogo ya kiasi hicho, kwa hiyo wimbi la wima linauona mnara karibu kama nguzo moja nene.

Kuna jambo lingine linalowashangaza hata mafundi wazoefu: unene. Watu huhofia bomba na kupuuza waya. Waya mrefu wenye kipenyo cha milimita 2 na bomba refu la sentimita 5, vyote vikiwa wima na sambamba na antena ya 145 MHz, vinatofautiana unene mara 25. Mkondo unaoingia kwenye waya ule ni karibu nusu ya ule wa bomba. Nusu tu! Unene unaingia kwenye hesabu kupitia logi (logarithimu), na logi hupungua polepole mno. Waya wa kuanikia nguo, kama ungening'inia wima karibu na antena yako, ungekuwa wa kuhesabiwa.

Chenye uzito wa kweli ni mwelekeo. Wimbi la antena ya wima linasukuma elektroni juu na chini. Bomba lililolala mlalo linampa elektroni nafasi ya kwenda kushoto na kulia tu, na huko hasukumwi. Kwa hiyo mkono wako wa mlalo hauna hatia kubwa, na nondo za mlalo za mnara hazina hatia kubwa, lakini miguu ya wima ndiyo yenye kesi. Nyaya za kushikilia mnara ziko katikati, zimeinama, na zinachukua sehemu ya wimbi kulingana na mwinamo wao. Kwa masafa ya HF (3 hadi 30 MHz), yaliyo chini zaidi, watu huzikata kwa vihami ili kipande chochote kisifikie nusu wimbi. Kwa 145 MHz nusu wimbi ni mita moja, na kuzikata vipande vifupi kuliko hapo ni kazi kubwa ya bure. Afadhali mita chache za juu ziwe kamba imara isiyopitisha umeme.

Hapo hapo ndipo linapotokea kosa la antena ya Yagi ya wima iliyofungwa katikati kwenye mlingoti wa chuma wa wima. Mlingoti unapita katikati ya vielekezi, ukiwa sambamba navyo, na unakuwa elementi ambayo mtengenezaji hakuipanga. Yagi ya namna hiyo ishikwe kwa nyuma, nyuma ya kiakisi, au mlingoti wa sehemu ya juu uwe wa fibaglasi. Ikilazwa mlalo, mlingoti wa wima hauisumbui.

Na kuna chuma kinachojificha: kebo yako mwenyewe. Wavu wa nje wa kebo ya koaksi ni kondakta kama kondakta mwingine yeyote. Ikining'inia wima kutoka kwenye antena, inabeba mkondo na kurusha. Pitisha kebo mlalo juu ya mkono hadi mnarani, kisha uishushe ikiwa imefungwa kwenye mguu wa mnara, na uweke pete za feraiti (zinazozuia mkondo kupita nje ya kebo) pale inapotoka kwenye antena.

Umesema juu nafasi imechukuliwa. Kama aliyeichukua ni antena nyingine, nayo ni elementi isiyolishwa pale unapotumia yako, na hapa kuna mtego ambao ulinichukua siku nzima kuugundua. Niliombwa kuangalia kituo chenye dipoli mbili za masafa karibu sawa, karibu karibu kwenye mkono mmoja. Kwa miaka kila kitu kilikuwa sawa. Redio ya pili ikaondolewa, kebo yake ikaachwa wazi ukutani, na tangu siku hiyo upande mmoja wa kituo ukadhoofika. Hakuna aliyeigusa antena ya kwanza. Wote waliapa hivyo, na walisema kweli.

Kilichotokea ni hiki. Dipoli iliyoachwa wazi katikati ni vipande viwili vya robo wimbi, na wimbi karibu halivioni. Dipoli hiyo hiyo ikifungwa katikati ni fimbo ya nusu wimbi, na kwa umbali wa robo wimbi inabeba karibu asilimia 70 ya mkondo wa jirani yake. Ikiwa na mzigo wa omu 50 (kipingamizi cha umeme kinachokaa mahali pa redio) iko kati ya hapo, karibu asilimia 40. Sasa, kebo iliyoachwa wazi kwenye ncha ya chini haionekani wazi kule juu, inategemea urefu wake: kila robo wimbi ya kebo inageuza wazi kuwa kufungwa na kufungwa kuwa wazi. Kwa kebo ya kawaida, ambamo wimbi linakwenda kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga, robo wimbi ya 145 MHz ni sentimita 34. Nilipofunga mzigo wa omu 50 kwenye kebo ile iliyoachwa, upande uliodhoofika ulirudi. Kwa hiyo antena usiyoitumia usiiache kebo yake ikielea. Ipe mzigo.

Wanasayansi wameligeuza tatizo hili kuwa kifaa. Mwaka 1978 Roger Harrington alionyesha kwamba unaweza kuizungushia elementi moja inayolishwa duara la elementi zisizolishwa, kila moja ikiwa na kijisehemu cha umeme kinachoweza kubadilishwa chini yake, na ukalielekeza wimbi kokote bila kugeuza chuma chochote.

Masafa yakishuka, ukubwa wa jambo unapanda. Kwa stesheni ya masafa ya kati (AM), tuseme ya 1 MHz, wimbi ni mita 300, na mnara wa simu wa mita 75 ni robo wimbi iliyosimama juu ya ardhi, yaani antena kamili iliyo tayari kuitikia. Marekani wana sheria inayomtaka anayejenga mnara mrefu wa kutosha ndani ya kilomita 3 au mawimbi 10, kipi kilicho kifupi zaidi, kutoka kwenye stesheni ya masafa ya kati yenye antena za kuelekeza, ahakikishe mnara wake hauharibu umbo la stesheni hiyo, na kama unaliharibu aurekebishe. Kwa upande wa kupokea, mabaharia na marubani walikutana nalo mapema: chombo cha kutafuta mwelekeo wa stesheni kilikosea kwa sababu mwili wa meli au mabawa ya ndege yalirusha upya wimbi lililofika, na kosa lilikuwa kubwa zaidi pale stesheni ilipokuwa mshazari, kati ya mbele na ubavuni. Kupokea na kurusha ni umbo lilelile, kwa hiyo kama magharibi hawakusikii, nawe huwasikii vizuri.

Kuhusu 435 MHz: wimbi ni sentimita 69, na sentimita zako 60 sasa ni 0.87 ya wimbi. Kwenda na kurudi ni 1.74. Unapozunguka kutoka mashariki hadi magharibi, tofauti ya safari inashuka kutoka 1.74 hadi sifuri, maana yake mawimbi mawili yanakubaliana na kukataana zaidi ya mara moja njiani. Umbo lako la 435 MHz lina petali kadhaa zenye mabonde kati yao, na kwa mashariki kabisa mnara haukusaidii wala haukuumizi sana. Usishangae stesheni moja ikikusikia vizuri kwa 145 na vibaya kwa 435 huku jirani yake akiwa kinyume. Hakuna urefu mmoja wa mkono utakaokupa umbo lilelile kwa masafa yote mawili.

Basi ufanye nini? La kwanza halina gharama: zungusha mkono. Kama watu wako wengi wako magharibi, ifunge antena upande wa magharibi wa mnara, sentimita zilezile 50 hadi 60, na faida uliyoipata mashariki itahamia kwao. Mnara utakuwa kiakisi chako. Hili ndilo ningelifanya kwanza, na kwa watu wengi linatosha.

Kama unahitaji pande zote, dawa ya kweli ni kuipandisha antena mpaka ncha yake ya chini iwe juu ya ncha ya chuma. Antena ya wima hairushi kitu kuelekea chini kabisa, kwa hiyo mnara ulio moja kwa moja chini yake unaathirika kidogo mno. Mlingoti wa fibaglasi uliofungwa kwenye sehemu ya juu ya mnara unaweza kukupa mita hizo bila kumwondoa aliyeko. Lakini usiisimamishe sambamba na fimbo ya radi, utakuwa umerudi ulipoanzia, na ukiwa juu kabisa hakikisha wavu wa kebo umeunganishwa na ardhi kabla haujaingia ndani.

Kurefusha mkono ni dawa dhaifu. Kwa mnara mrefu, ukiuzidisha umbali mara mbili, wimbi la mnara linapungua hadi asilimia 70 tu ya lilivyokuwa, na wakati huohuo petali zinaongezeka. Mkono wa mita tatu unaupa mnara mzigo wa upepo bila kukupa amani. Antena mbili, moja kila upande, zikilishwa pamoja, zinafunika mashariki na magharibi lakini zinatoboa mashimo mapya kati yao. Ndiyo maana stesheni za FM zinazotaka duara kamili kwenye mnara mnene huzungusha dipoli kadhaa pande zote za mnara.

Ukiwa na kompyuta, programu yoyote inayotumia hesabu za NEC-2 (mfumo wa kukokotoa mikondo na mawimbi ya antena) itakuonyesha haya kabla hujapanda. Chora miguu mitatu ya mnara kama nyaya tatu za wima, zipite mita kadhaa juu na chini ya antena, kisha badilisha umbali na uangalie umbo likijikunja.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Mpe mwenzako redio ya mkononi yenye nguvu ndogo, azunguke mnara kwa umbali ulio sawa, zaidi ya mita 20, asimame kwenye sehemu nane. Kila sehemu asogee hatua tatu nne huku na huku nawe uchukue wastani, maana wimbi linaloruka kutoka ardhini litakudanganya ukisoma mahali pamoja. Kama kipimo cha redio yako kinajaa, weka kipunguzi kati ya antena na redio. Andika namba nane, zungusha mkono, funga kebo upya kama nilivyoeleza, kisha rudia zilezile nane. Magharibi ikipanda na mashariki ikashuka kwa kiasi kinachokaribiana, umeuona mnara ukifanya kazi. Ikiwa magharibi haikupanda, niandikie namba zote kumi na sita pamoja na picha ya kebo inavyoshuka. Nitaanza kuitazama kebo.